Kona ya Madam

Muhula wa kwanza wa kidato cha nne nilianza kulala darasani. Sisemi kusinzia. Kusinzia kila mtu alisinzia, hasa baada ya githeri ya mchana, jua likichoma mabati na mwalimu wa Historia akitusomea kitabu kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Mimi nililala. Nililala asubuhi na mapema, mdomo wazi, mate yakichuruzika kwenye daftari, mpaka jirani yangu wa dawati ananipiga kiwiko. "Buda, amka. Unakoroma."

Shule yetu ilikuwa ya kutwa, huko Kawangware, vyumba vya mbao na mabati nyuma ya kanisa. Mimi nilitoka Kambi Muru, Kibera, kwa miguu, nikapita katikati ya Soko la Toi wakati wenye mitumba wanafungua mizigo yao, nikavuka Ngong Road, nikapanda. Basi walimu wakishaona mvulana wa Kibera, macho mekundu, vumbi la mbao kwenye nywele, analala kabla hata ya saa nne, hawakuhitaji kuuliza. Hiyo ni bangi. Mwalimu wa zamu alinichapa kwa bangi ambayo sikuwahi kuivuta maishani mwangu, na nikirudi darasani nililala tu, ila sasa nililalia upande mmoja.

Aliyeuliza ni mmoja, mwalimu wetu wa Hesabu. Walimu wengine wa kike waliitwa Madam fulani na Madam fulani. Yeye alikuwa Madam, basi. Alikuwa mfupi, na sweta yake ya kijani hakuivua hata Januari watu wakitoka jasho. Chaki aliichomeka kwenye nywele kisha akaanza kuitafuta mezani akilaumu darasa zima. Alizaliwa Kawangware na akaolewa hapo hapo Kawangware, kwa watu waliokuwa na mashamba yao tangu kabla mji haujawafikia. Bwanake alikuwa na ploti za kupangisha, na nyuma ya nyumba bado alifuga ng'ombe. Mdomo wake ulikuwa mkali. Ukichelewa alikuambia, "Karibu mgeni, tukupikie chai?" na ungetamani akuchape tu yaishe.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha ambayo sijaiona kwa mwingine. Ukikosea ubaoni hakufuta. Alichukua chaki nyekundu akazungushia mahali ulipopotea, hapo tu, si hesabu nzima, akasema, "Hii inakaa hapa." Na ilikaa. Kesho mnaikuta, kesho kutwa mnaikuta. Walimu wengine walilalamika kwa sababu ilibidi waandike mambo yao ya figo na mito ya Afrika kuizunguka. Haikufutwa mpaka mwenyewe asimame aeleze alikuwa anafikiria nini alipoandika vile. Jibu sahihi hakulitaka kwanza. Alitaka kujua ulipotea wapi, na ulidhani unaelekea wapi. Ukishaeleza na darasa likakuelewa, alikupa kifutio ufute kwa mkono wako mwenyewe.

Siku moja alinibakisha wenzangu wakitoka. Akanivuta kola, akanusa shati langu kama mtu anayekagua maziwa.

"Wewe huvuti kitu," akasema. "Unanuka gundi ya mbao. Kwani unalala wapi?"

Nikanyamaza. Nilinyamaza sana, mpaka akachoka, akaniambia niende. Si kwamba sikumwamini. Lakini kuna mambo ambayo kijana wa kwetu hamwambii mwanamke mwenye umri wa mamake, hata angekuwa anamfundisha.

Wacha nieleze hapa, ili msomaji asihangaike. Sisi ni watu wa ziwa. Kwetu, mvulana akishabalehe, sauti ikavunjika, halali tena chini ya paa moja na wazazi wake. Si ukali wa mtu, ni heshima. Kule nyumbani anajenga nyumba yake ndogo karibu na lango la boma. Inaitwa simba, na siyo yule wa mbugani. Babake ndiye anayesimama naye ijengwe, na tangu siku hiyo huyo ni mtu, ana mlango wake. Sasa ebu niambie, Kambi Muru mtu atajenga wapi? Chumba chetu kilikuwa kimoja, kitanda upande huu, pazia katikati, jiko na makochi mawili upande ule, na ukuta wa udongo tuliochangia na jirani. Kwa hivyo wavulana wa kwetu waligawanywa. Jioni unakula kwa mama, kisha unaaga unaenda kulala kwa mtu. Mimi nililala kwa binamu yangu, huko mtaa wa Sarang'ombe, pamoja na wengine wawili, na tulikuwa sawa kabisa.

Halafu binamu akaoa. Alikuwa na haki yake, simlaumu, ingawa wakati ule nilimlaumu vibaya. Mke akifika, vijana wanatoka. Wale wengine walipata pa kwenda. Mimi nilianza kulala kanisani kwenye benchi, hadi kanisa likaanza maombi ya usiku kucha. Nikahamia kwa fundi mmoja wa vitanda, nikalala juu ya maranda ndani ya kibanda chake, na huyo fundi alianza kazi alfajiri kabla kuku hajafikiria kuwika. Ndiyo maana nililala darasani. Baba hakujua yote. Mama alijua, na kila jioni nilipoaga alinitazama kwa macho ambayo sikuyapenda.

Jumamosi moja Madam akaja. Alimtafuta mama yangu pale Toi, ambapo mama alikaanga samaki ukingoni mwa soko, na mama akafunga biashara akamleta nyumbani mbiombio, mikono bado ina unga na mafuta. Baba alikuwepo. Kazi yake ilikuwa usoja, analinda lango la wazungu fulani usiku, mchana analala. Akaamka, akavaa shati. Mgeni akapewa kochi zuri. Chai ikaja. Mimi nilisimama karibu na mlango kwa sababu pa kukaa hapakuwepo.

Madam alianza vizuri sana. Alisema kijana huyu ana kichwa, akikituliza mwaka huu atafika mbali. Alisema shida yake ni usingizi tu, hana mahali pa kulala, kama mama alivyomdokezea njiani. Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha Madam akatazama chumba, akatazama sakafu, akapima kwa macho kama alivyopima kila kitu, na akapata jibu.

"Lakini mzee si huwa kazini usiku?" akamwambia baba. "Basi nafasi ipo. Kijana atandike hapa chini, mama yuko pale kitandani, mvute pazia. Shida iko wapi?"

Mama alishika leso akafunika mdomo. Mimi nilitazama nje. Baba aliweka kikombe chini polepole. Hakupaza sauti, na ningefurahi kama angepaza.

"Mwalimu," akasema, "asante kwa kututembelea."

Hiyo ilikuwa na maana ya kwaheri, na Madam aliielewa, ingawa hakuelewa kwa nini. Aliacha chai nusu. Alipotoka tu, baba akamwambia mama kwa lugha yetu kwamba mwezi ukiisha mimi naenda nyumbani. Huko kuna shule, na huko kuna mahali pa kujenga. Hatasimama mtu katika nyumba yake tena kumwambia mwanawe alale na nani.

Nilijua maana yake. Mtihani wa taifa unaufanya pale ulipoandikishwa, na sisi tulikuwa tumeshaandikishwa. Kwenda nyumbani ni kuanza tena kidato cha tatu, kama utapata nafasi. Nilikuwa na ndugu wawili waliorudishwa hivyo, ati watarudia huko. Wote wawili waliishia kubeba watu kwa baiskeli Kisumu mjini, na hakuna aliyewahi kuniambia anafurahia kuwapandisha mlima. Nilikuwa nimeanza kupenda Hesabu. Niliipenda vibaya, kama vile wengine walivyopenda mpira. Nikaona inaniponyoka kwa sababu ya sentensi moja ya mtu aliyenitakia mema.

Jumatatu alinibakisha tena. Alifunga mlango wa darasa, akatoa chaki nyekundu kwenye nywele, akachora duara tupu ubaoni.

"Nilikosea wapi?" akaniuliza. "Babako alibadilika hapo hapo, niliona. Niambie ni wapi, niandike."

"Madam, siwezi."

"Unaweza. Angalia dirisha, usiniangalie mimi."

Nikaangalia dirisha. Nje kulikuwa na mbuzi wa mtu wakila makaratasi. Nikawaambia wale mbuzi kwamba kwetu kijana akishakuwa hivi nilivyo, halali pale mama yake anapolala, hata baba awe hayupo. Hasa baba akiwa hayupo.

"Lakini wewe si bado..." akaanza, kisha akakata.

Sote wawili tulijua alichotaka kusema. Kwao pia kijana hulala nje, chumba chake mwenyewe, tena wanalifuata jambo hilo kuliko sisi. Lakini kwao anapewa chumba hicho akishatahiriwa. Asiyetahiriwa ni mtoto, atalala popote, hata miguuni pa mama. Na sisi hatutahiri. Kwa hivyo Madam, katika hesabu yake, alikuwa amenihesabu mtoto. Hakukusudia kutukana mtu. Alichukua kanuni ya kwao akaiweka kwenye nyumba yetu, na kila hatua ilikuwa sawa isipokuwa ile ya kwanza.

Iliniuma, nisidanganye. Ilikuwa miaka ile ambapo siasa zilikuwa zimefanya watu waulizane majina kabla ya kusalimiana, na jambo hilo la kutahiri ndilo walilotutupia barabarani walipotaka kutudharau. Kwake sikulitarajia. Aliona uso wangu.

"Kwa hivyo kwenu wewe ni mtu mzima," akasema taratibu.

"Ndiyo, Madam."

"Na mimi nimekaa kwa kochi la babako nikamwambia hivyo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Alikaa juu ya dawati la mbele, miguu haifiki chini, akafikiria. Kisha akauliza, "Na hiyo nyumba ya kijana, ni nani hujenga?"

"Baba, Madam. Baba akiwa hayupo haijengwi."

"Baba," akasema, na hakuuliza tena. Lile duara jekundu alilizungushia mara ya pili, akaandika pembeni kwa herufi ndogo, *ya mwalimu*. Likakaa ubaoni wiki nzima. Wenzangu waliuliza ni hesabu gani hiyo isiyo na namba, akawaambia bado anaifanya.

Jumapili akarudi kwetu. Mara hii alikuja na bwanake, mzee mrefu mwenye kofia na gambuti, mtu wa kusema neno moja akapumzika. Mama aliwakaribisha kwa wasiwasi. Baba hakuinuka. Madam alikataa kuketi. Alisimama katikati ya chumba chetu, mikono mbele, vile alivyotusimamisha sisi mbele ya ubao.

"Mzee, nimekuja kusema nilipokosea," akasema. "Nilidhani kijana ni mtoto kwa sababu nilimhesabu kikwetu. Si mtoto. Na maneno niliyosema mbele ya mama yake hayafai kusemwa. Nilikuwa najaribu kumtafutia usingizi, nikawakosea heshima nyinyi wote watatu. Hapo ndipo nilipopotea."

Nimesikia watu wengi wakiomba msamaha tangu hapo, wakubwa kwa wadogo, na wengi husema tu kwamba kama kuna mtu ameumia basi wanasikitika. Sijasikia tena mtu akionyesha mahali penyewe. Baba alimwonyesha kochi zuri, akamwambia, "Kaa, mwalimu."

Akaketi. Kisha akasema kwamba kwake Kawangware kuna nafasi.

Baba alitikisa kichwa hata kabla hajamaliza. Alikuwa amejiandaa kwa hilo. "Mtoto wangu hapewi nyumba na mwanamke. Wala na mwenye ploti. Nitasema nini nyumbani, kwamba nilishindwa?"

"Sijakuja na nyumba," Madam akasema. "Nimekuja na kona. Kona tupu, karibu na lango letu. Nyumba utamjengea wewe."

Niliona jambo hilo likimwingia baba polepole. Kisha kwa mara ya kwanza yule mzee wa gambuti akafungua kinywa.

"Mtu akishajenga hatoki," akasema.

Nilijua wametoka nyumbani wakibishana, kwa sababu Madam alifunga macho. Mzee hakuwa mtu mbaya. Katika Kawangware yote kulikuwa na hadithi za watu waliopewa kona kwa wema, leo wana karatasi na wakili. Na sisi tulikuwa watu wa upande ule mwingine wa siasa.

Baba hakukasirika. Nadhani alipenda kuambiwa waziwazi, mwanaume kwa mwanaume. "Akimaliza mtihani," akasema, "Jumapili inayofuata nitakuja nibomoe."

"Utabomoa?"

"Kwa mkono huu."

Mzee aliutazama mkono. Akanywa chai yake akaimaliza, na kwa mtu wa namna ile hayo yalikuwa makubaliano.

Baba alijenga siku yake ya mapumziko. Alikuja na nguzo begani tangu Kibera, na mabati ya zamani tuliyosukuma kwa mkokoteni na binamu yangu yule aliyeoa, ambaye nadhani alikuwa anatafuta kupatana nami. Baba aliuliza lango liko upande gani, akasimama hapa, akasimama pale, akapima kwa hatua, mpaka akaridhika kwamba simba imekaa inavyotakiwa kukaa. Mwenye boma alitazama kutoka zizini, mikono nyuma. Upepo ulipotaka kutupokonya bati la paa alikuja akalishika upande wa pili bila kusema kitu, na akaendelea kushika mpaka tukamaliza. Mlango baba alikuwa ameuleta tayari. Aliutengeneza usiku kazini kwa mbao za kreti, na bawaba zake zilikuwa vipande vya tairi, akavigongomelea kwenye fremu kwa misumari mingi kuliko ilivyohitajika. Akaufungua, akaufunga.

"Sasa una mlango," akaniambia. "Soma."

Nilisoma. Sitaki kujifanya ilikuwa raha tupu. Ng'ombe wa mzee walipiga kelele, mvua ya Aprili iliingia upande mmoja, na chakula nilifuata Kibera jioni nikarudi. Lakini nililala. Darasani nikaamka, na mwalimu wa zamu akaanza kusema viboko vyake ndivyo vilivyonitoa kwenye bangi. Hata leo sijamsahihisha.

Madam hakuwahi kuingia ndani ya nyumba ile. Kwani si kwake, si uani pake? Lakini tangu siku ya kwanza mguu wake haukuvuka kizingiti. Asubuhi akienda kukamua alipita akasimama nje, ndoo mkononi, akaita, "Hodi, mwenye nyumba!" Nikijibu tu karibu, alinirushia hesabu kupitia mlango uliofungwa. Namba mbili, jumla yake hivi, zikizidishwa zinaleta hivi, ni zipi? Nilipiga hesabu nikitafuta shati. Nikikosea, nilisikia ndoo ikitua chini, na nikajua leo hatuendi popote mpaka nieleze nilikuwa nafikiria nini. Wakati mwingine mzee aliita kutoka zizini kwamba ng'ombe anangoja, naye akajibu kwamba ng'ombe hana mtihani mwaka huu.

Kuna kitu hicho cha kuitwa mwenye nyumba ambacho sijui nikieleze vipi. Nilikuwa na sare moja. Nilikuwa mtoto wa soja na muuza samaki, mpangaji mtoto wa mpangaji, na mke wa mwenye ploti alinipigia hodi kila asubuhi kama mtu anayeomba ruhusa. Kuna siku nilikaa kidogo kabla ya kujibu, ili tu anipigie mara ya pili.

Mtihani ukaja, ukaisha. Jumapili iliyofuata baba alifika na nyundo, kama alivyosema. Mzee alimkuta langoni.

"Wacha," mzee akasema.

"Nilikuambia nitabomoa."

"Nimesema wacha."

Walisimama hapo wakibishana, kila mmoja akimlazimisha mwenzake akubali hisani, na wote wawili wamenuna. Madam akatoka, akasema kuna mvulana wa kidato cha tatu, analala kwenye stoo ya duka la mjomba wake juu ya magunia ya viazi. Huyo ndiye atafuata. Nyumba ibaki.

Baba alifikiria. Alisema kuta na paa ni mabati tu, mabati hayana mwenyewe. Lakini mlango ule ni wa mwanawe. Mtoto wa mtu mwingine hawezi kuingia kwa mlango wa mwanawe, ana baba yake. Akaugongoa ule mlango taratibu, akaung'oa kwenye fremu, akaubeba kichwani mpaka Kambi Muru, watu wa Toi wakimpisha njia. "Huyo mwingine," alimwambia mzee akiondoka, "baba yake alete wake."

Na ndivyo ilivyokuwa. Sijui kama Madam aliwahi kuiweka iwe sheria, lakini kila mvulana aliyekuja pale alikuja na mlango. Wengine walikuwa wa kwetu, wengine wa Uluhyani, wengine wa kwao yeye mwenyewe. Niliambiwa kuna mmoja ambaye baba hakuwepo na mjomba alikataa, na mama yake akaja peke yake na mlango kichwani kutoka Kangemi, na mzee wa gambuti akamshikia misumari.

Mimi nilipita vizuri. Nilisomea upimaji wa ardhi, kazi ninayofanya mpaka leo, na baba aliishi kuona nikilipwa kwa hesabu. Madam alistaafu. Mzee akafariki. Mwaka jana Madam aliniita kwa simu, sauti ile ile ya kuuliza nani ameficha chaki. Watoto wake wanataka kujenga ghorofa Kawangware, akataka nije nimpimie ploti yake. "Njoo wewe," akasema. "Wengine watapima vibaya."

Nilimkuta ameketi kibarazani, sweta ya kijani, nyingine lakini ya kijani. Anaona kwa shida. Nilipima mpaka nikafika kwenye ile kona. Mabati yalishatolewa. Fremu ya mlango ilikuwa bado imesimama peke yake karibu na lango, miti miwili na kipande cha juu, mtu angeweza kuizunguka bila kupita ndani. Nikainama. Mti wa kushoto ulikuwa na matundu juu mpaka chini, matundu ya skrubu, matundu ya misumari, bawaba juu ya bawaba, mlango juu ya mlango. Nilitafuta ya baba nikayapata upesi. Hakuna mwingine aliyegongomea misumari mingi hivyo mahali pamoja. Nikaweka kidole hapo na nikalia, mtu mzima, na fimbo za kupimia mkononi.

Madam akaita kutoka kibarazani.

"Watoto wanataka niing'oe hiyo. Nimewaambia ni kosa langu, halijafutwa."

"Kwa nini, Madam? Ulishalieleza. Ulilieleza mbele ya baba."

"Nililieleza mimi," akasema. "Kifutio kilikuwa chenu kunipa, na hakuna aliyenipa. Badala yake, kila mwaka mlileta mlango."

Nilirudi nikaketi karibu naye. Baadaye aliniuliza ule mlango wa baba ulienda wapi. Nikamwambia uko nyumbani, baba aliupeleka akaujengea simba yangu kule, na mpaka sasa nikienda ndio ninaoufungua.

"Na unafunga?"

"Unafunga, Madam. Ila mpira wa tairi umechoka."

"Basi badilisha mpira," akasema. "Mlango uuache."